Kukagua Gari Jipya: Makosa ya Kiwandani na Vipuri Vilivyosahaulika

Gari moja la abiria lina vipande takribani 30,000, kwa hesabu ya Toyota inayoshuka hadi skrubu ndogo kabisa. Kwenye mstari wa kuundia wa kiwanda kikubwa, gari hukaa mbele ya kila kundi la mafundi kwa dakika moja hivi, kisha husogea. Katika mwendo huo boliti huweza kuachwa bila kukazwa, soketi ya waya ikaingia nusu, klipu ya plastiki ikavunjika bila mtu kuona, au kipuri cha toleo jingine kikafungwa kwa sababu kinafanana na kile kinachotakiwa. Mengi ya makosa haya ni ya kuudhi tu, kama mlio ndani ya dashibodi au boneti iliyokaa upande. Machache huua. Mnunuzi anahitaji kujua namna ya kuyatofautisha na kuyaona mapema, maana kosa la kiwandani huthibitishwa kwa urahisi siku ya makabidhiano kuliko siku nyingine yoyote.

Ugumu wa kazi hiyo unatokana na jambo moja: kipuri kikikosekana, mara nyingi kuna kitu kingine kinachobeba kazi yake kwa muda. Usukani unaonyesha hili vizuri. Huvikwa juu ya shafti yenye meno madogo, na meno hayo hubana kiasi kwamba dereva anaweza kukata kona zote za mjini na kurudi nyumbani salama hata kama boliti ya katikati, ile inayouzuia usichomoke, haipo kabisa. Siku msuguano ukishindwa, usukani hubaki mikononi mwa dereva ukiwa umeachana na shafti. Vivyo hivyo gari lililosahauliwa pedi moja ya breki bado hupunguza mwendo, na gurudumu lenye nati moja iliyolegea halitikisiki wiki ya kwanza. Gari kwenda vizuri katika mzunguko wa majaribio si ushahidi kwamba limekamilika.

Makosa yanakotoka

Viwanda vimepambana na usahaulifu kwa muda mrefu. Mwaka 1961 mhandisi wa Japani, Shigeo Shingo, alikuta kwenye kiwanda cha Yamada Electric wafanyakazi wanaounda swichi yenye vitufe viwili, kila kitufe kikikaa juu ya springi ndogo. Mara kwa mara springi moja ilisahaulika, na kuwakemea wafanyakazi hakukusaidia kitu. Shingo alibadilisha utaratibu: mfanyakazi atoe kwanza springi mbili, aziweke kwenye kisahani, ndipo aanze kuunda. Springi ikibaki kisahanini, kosa limejionyesha lenyewe kabla swichi haijatoka mezani. Mbinu hiyo, poka-yoke kwa Kijapani, ndiyo mama wa kinga nyingi zinazotumika leo, zikiwemo spana za umeme zinazohesabu boliti na kuweka kumbukumbu ya nguvu iliyotumika kukaza kila moja. Toyota nayo ilizoesha viwanda duniani ile kamba ambayo mfanyakazi yeyote huivuta anapoona kasoro, na mstari ukasimama ikiwa kasoro haikurekebishwa kwa wakati.

Kinga hizo zina nguvu pale gari linapopita kwa utaratibu wa kawaida. Hatari kubwa iko pembeni: gari likishamaliza mstari na kugundulika lina dosari, hupelekwa kando, fundi akafungua kilichokwisha kufungwa, akarekebisha, akarudishia. Hapo hakuna kisahani cha Shingo wala spana inayohesabu. Aprili 2011 General Motors iliita zaidi ya magari 2,000 ya Chevrolet Cruze yarudi kurekebishwa baada ya usukani wa gari moja kuchomoka likiwa barabarani. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba usukani usio sahihi ulifungwa kwanza, ukabadilishwa, na ule wa pili haukufungwa inavyotakiwa. Machi 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi uliohusu magari takribani 120,000 ya Tesla Model Y baada ya malalamiko mawili yaliyofanana. Magari yote mawili yalikabidhiwa bila boliti ya usukani, na yote mawili yalikuwa yamefanyiwa marekebisho mwishoni mwa mstari yaliyohitaji usukani kung'olewa na kurudishwa. Hata kwenye ndege mambo ni yale yale. Paneli iliyong'oka angani kwenye Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines tarehe 5 Januari 2024 ilikuwa imefunguliwa kiwandani ili ribiti zirekebishwe, na boliti zake nne hazikurudishwa. Ndege hiyo ilikuwa imebeba abiria kwa takribani miezi miwili bila paneli kutoka.

Swali ambalo mnunuzi anapaswa kumuuliza muuzaji mapema, basi, ni kama gari limefunguliwa mahali popote tangu litoke kwenye mstari: kiwandani, bandarini, au kwenye gereji ya muuzaji. Jibu likiwa ni hapana, macho bado yana kazi. Kichwa cha boliti chenye mikwaruzo ya spana wakati jirani zake ni safi, gundi ya kuzibia iliyo na rangi tofauti upande mmoja, ukungu wa rangi juu ya raba ya mlango, vyote husema kwamba mkono ulipita hapo mara ya pili.

Kosa huweza pia kuingia kwa mtu kutafuta wepesi wa kazi. Aprili 2024 Tesla iliita magari 3,878 ya Cybertruck kwa sababu bamba linalofunika pedali ya mafuta liliweza kuteleza, likanasa kwenye kifuniko cha ndani kilicho juu ya pedali na kuiacha pedali imekandamizwa. Chanzo kilikuwa sabuni. Ilitumika wakati wa kuunda ili bamba liingie kirahisi, bila mabadiliko hayo kuidhinishwa, na masalia yake yakalifanya bamba lisishike.

Safari ya meli nayo ina mchango wake, na kwa mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam huenda ndiyo inayomhusu zaidi. Magari husafirishwa yakiwa yameandaliwa kwa safari na si kwa barabara. Matairi hujazwa upepo kupita kiasi, vizuizi vya plastiki au raba huwekwa kwenye springi ili gari lisiyumbe, fyuzi fulani hutolewa au kompyuta huwekwa katika hali ya kusafirishwa ili betri isiishe, na karatasi ya plastiki hubandikwa juu ya rimu kuzuia diski zisishike kutu. Baadhi ya vitu, kama vifuniko vya raba vya matundu ya bodi, huja kwenye mfuko ndani ya gari ili vifungwe na muuzaji. Kazi ya kuondoa na kufunga haya yote hufanyika kwenye ukaguzi wa kabla ya makabidhiano, na ukaguzi huo ukifanywa kwa haraka, mteja huondoka na gari gumu kama lori, asijue kwamba vizuizi vya springi bado viko mahali pake.

Afrika Mashariki ina pia magari yanayoundwa hapa hapa kutokana na vipande vilivyoletwa kwa makasha: Isuzu East Africa jijini Nairobi, Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa, Kenya Vehicle Manufacturers mjini Thika, na Volkswagen mjini Kigali tangu 2018. Mnunuzi wa gari la namna hiyo hulikagua kwa njia ile ile, na ana nafuu moja isiyo ndogo: walioliunda wako umbali wa safari ya basi.

Kilichosahaulika na kilichoondolewa makusudi

Si kila kitu kisichokuwepo ni kosa. Watu wengi huinua sakafu ya buti, wakakuta chupa ya gundi na pampu ndogo, wakadhani tairi la spea limeibwa bandarini. Watengenezaji wengi wameliondoa kwa uamuzi wao, na kitabu cha gari husema hivyo. Wakati wa uhaba wa chipu mwaka 2021, BMW iliuza baadhi ya magari bila uwezo wa kugusa skrini na kupunguza dola 500 kwenye bei, General Motors iliondoa viti vya kupasha joto kwenye baadhi ya matoleo, na Tesla iliondoa kifaa cha kurekebisha egemeo la mgongo kwenye kiti cha abiria wa mbele.

Tofauti kati ya hali hizi mbili huamuliwa na karatasi. Kabla ya kulipa fedha ya mwisho, mnunuzi adai orodha ya vifaa vya toleo lake hasa, yenye namba ya chesisi, iliyosainiwa na muuzaji. Brosha ya rangi haitoshi. Huwa na maandishi madogo yanayoruhusu mabadiliko na mara nyingi huonyesha toleo la juu. Nguvu ya karatasi ilionekana China mwaka 2020, pale wamiliki wa Tesla Model 3 walipolinganisha nyaraka zilizokuja na gari na kompyuta iliyokuwa ndani yake, wakagundua kwamba nyaraka zilitaja toleo jipya huku lililofungwa likiwa la zamani. Wizara ya Viwanda ya China iliiita kampuni kujieleza, na Tesla ikaahidi kuzibadilisha kompyuta hizo bila malipo.

Namba ya chesisi isomwe kwenye gari lenyewe, si kwenye ankara tu. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kamwe I, O wala Q, kwa kuwa huchanganywa na 1 na 0. Herufi za mwanzo hutaja lilikoundwa: J ni Japani, na AHT ni Toyota ya Afrika Kusini. Namba iliyopigwa kwenye chuma, iliyo chini ya kioo cha mbele, na iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango lazima ziwe moja.

Ukaguzi wa siku ya makabidhiano

Ukaguzi ufanyike mchana, gari likiwa limeoshwa na kukauka, kabla ya saini yoyote. Saa moja na nusu inatosha. Muuzaji anayesema hakuna muda huo aombwe kupanga siku nyingine, na mnunuzi asione haya: fedha anayotoa ni nyingi kuliko subira anayoomba.

Magurudumu na breki ndiyo mahali pa kuanzia, na ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Mnunuzi achutame kwenye kila gurudumu na kuhesabu nati. Kisha aombe fundi azipime mbele yake kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Corolla, kwa mfano, hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Matairi manne yawe ya kampuni moja, ya saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, na yenye tarakimu nne za tarehe zinazokaribiana: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye mshale lizunguke kufuata mshale huo. Upepo upimwe, kwa sababu ule wa melini mara nyingi huwa haujapunguzwa.

Baada ya hapo tochi ielekezwe katikati ya mikono ya rimu hadi kwenye kalipa. Pedi mbili zinapaswa kuonekana, moja kila upande wa diski, zikiwa na unene unaolingana. Lile bamba la chuma na lile tabaka la kusugua viwe viwili wazi. Chuma kikigusa diski moja kwa moja, pedi haipo au imewekwa kinyume. Anayedhani kiwanda hakiwezi kusahau kitu kikubwa hivyo akumbuke kwamba Januari 2012 General Motors iliita magari 4,296 ya Chevrolet Sonic kwa sababu baadhi yake huenda yalitoka kiwandani bila pedi ya ndani au ya nje ya breki za mbele. Pedi ya ndani haionekani vizuri bila gari kuinuliwa, kwa hiyo jeki ya gereji itumike. Gari likiwa juu, mnunuzi azungushe kila gurudumu kwa mkono na kulitikisa kwa kulishika juu na chini, halafu kushoto na kulia. Mlio wa chuma au mchezo wowote ni sababu ya kusimamisha makabidhiano.

Wakati gari bado liko juu, chini yake pakaguliwe. Viwanda vingi huweka mstari wa rangi juu ya boliti iliyokwisha kukazwa, ukivuka kutoka kichwani hadi kwenye chuma cha pembeni. Mstari uliokatika unaonyesha kwamba boliti imezunguka baada ya kukazwa. Boliti isiyo na mstari katikati ya zenye mstari inastahili swali na spana. Mipira ya breki isiguse gurudumu usukani ukikatwa hadi mwisho pande zote mbili. Kinga ya plastiki chini ya injini iwe na klipu zake zote, maana ikining'inia upande mmoja itang'oka kwenye tuta la kwanza. Springi ziangaliwe kama zina vizuizi vya safari. Tone lolote la mafuta, la maji ya rejeta au la mafuta ya breki lifutwe kwa karatasi nyeupe ili rangi yake ijulikane, kisha liangaliwe tena baada ya injini kuunguruma robo saa.

Ndani ya gari, usukani ujaribiwe kwanza: gari likiwa limesimama, dereva aushike kwa mikono miwili na kuuvuta kuelekea kifuani kwa nguvu ya kadiri, kisha ausukume. Kitu pekee kinachoruhusiwa kusogea ni ule mfumo wa kurekebisha urefu, na huo ufungwe kwanza. Usukani ukicheza juu ya shafti yake, gari lisiendeshwe hata mita moja, na mnunuzi asijaribu kufungua kifuniko chake, kwa sababu mfuko wa hewa ulio ndani hulipuka kwa baruti. Viti vishikwe na kutikiswa kimoja kimoja. Mikanda yote ivutwe kwa ghafla ili kuona kama inajifunga, na kila kifungo kilie kinapoingia. Anayefunga kiti cha mtoto apapase kulabu za chuma kwenye mwanya wa kiti cha nyuma kuhakikisha zipo pande zote.

Taa za dashibodi zina siri ambayo wengi hawaijui. Ufunguo ukiwashwa, taa ya mfuko wa hewa, ya breki na ya injini zinatakiwa kuwaka zote, kisha kuzimika baada ya sekunde chache au injini ikishawaka. Taa inayobaki imewaka hutangaza tatizo, na kila mtu huiona. Taa isiyowaka kabisa hudhaniwa kuwa ni habari njema, ilhali inaweza kumaanisha waya haukuunganishwa, na siku mfumo ukiharibika hakuna kitakachomwonya dereva.

Yanayobaki ni mepesi na yanapitiwa haraka: taa za nje zote, honi, waipa, vioo, kufuli za milango, kiyoyozi, kamera ya nyuma, vimiminika vyote kwenye alama zake (oili iliyozidi ni mbaya kama iliyopungua), ufunguo wa pili, jeki, spana ya magurudumu, kulabu ya kuvutia gari, kitabu cha gari na cha sevisi. Rangi iangaliwe kwa pembeni juani. Kama pana bomba la maji, limwagwe juu ya milango na buti kwa dakika kadhaa, halafu kapeti lipapaswe. Raba ya mlango iliyokaa vibaya ni bora igunduliwe siku hiyo kuliko masika.

Vifaa vinavyofungwa na muuzaji, kama king'ora, kifuatiliaji na bampa za chuma, vikaguliwe kwa jicho kali kuliko gari lenyewe. Vingi huunganishwa kwa kukata waya za kiwandani, na hitilafu ya umeme ikitokea baadaye, muuzaji atasema waranti haihusiki.

Kilomita 1,000 za kwanza

Kosa lililojificha nyuma ya msuguano au klipu huanza kujitokeza katika kipindi hiki, mitetemo inapofanya kazi yake. Juni 2022 Toyota iliita magari takribani 2,700 ya umeme ya bZ4X duniani kote kwa sababu boliti za magurudumu ziliweza kulegea baada ya mwendo mfupi tu hata gurudumu likatoka, na wenye magari walishauriwa wasiyaendeshe kabisa. Nati za magurudumu zikazwe upya kwa spana ya torki baada ya kilomita 50 hadi 100. Mwendo mrefu na mzigo mzito usubiri hadi hilo lifanyike.

Dereva aendeshe redio ikiwa imezimwa, vioo vikiwa wazi mara kwa mara, na aandike anachosikia pamoja na mazingira yake: mwendo, barabara, injini ya baridi au ya moto, kona ya kushoto au ya kulia. "Gari linalia" humpa fundi sababu ya kusema hakusikia kitu. "Mlio wa kugonga gurudumu la mbele kushoto, kwenye matuta, chini ya kilomita 30 kwa saa" unamnyima sababu hiyo. Gari likivutwa upande mmoja wakati wa kufunga breki, rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari fupi, au vumbi la breki likiwa kwenye magurudumu matatu tu, breki zifunguliwe na muuzaji siku hiyo hiyo.

Si kila lalamiko la miezi ya mwanzo ni kosa la kuunda. Utafiti wa kampuni ya J.D. Power nchini Marekani, unaohesabu matatizo ya siku 90 za kwanza, ulipata wastani wa 195 kwa kila magari 100 mwaka 2024, na sehemu kubwa ilihusu skrini na vidude vya kielektroniki vinavyowasumbua watumiaji. Kabla ya kulalamika kuhusu kinachopiga kelele au kujizima, ukurasa unaohusika wa kitabu cha gari usomwe.

Makosa ambayo jicho haliyafikii

Hakuna ukaguzi wa uani unaoweza kuona ndani ya injini. Mei 2024 Toyota iliita Tundra na Lexus LX zipatazo 102,000 nchini Marekani kwa sababu chembe za chuma zilizobaki wakati wa kuchonga injini huenda hazikusafishwa zote, na injini iliweza kuzimika barabarani. Betri za Chevrolet Bolt zilikuwa na dosari mbili ndogo ndani ya seli, ncha iliyochanika na utando uliokunjika. Zikikutana katika seli moja, moto uliweza kuwaka, na kufikia Agosti 2021 magari yote ya aina hiyo, takribani 140,000, yalikuwa yameitwa.

Dhidi ya makosa hayo kinga ya mwenye gari ni wito wa kurudisha magari. Kampuni hurekebisha kosa bila malipo, mradi mwenye gari ajulikane. Mnunuzi ahakikishe jina, simu na namba ya chesisi vimeingizwa kwenye kumbukumbu za mwakilishi wa kampuni nchini, na aulize kila sevisi kama kuna wito unaohusu gari lake. Aliyeko Marekani huingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA. Aliyenunua gari lililotumika kutoka Japani hana namba ya tarakimu 17, ana ile fupi yenye kistari katikati, lakini tovuti za Kijapani za watengenezaji huipokea na kuonyesha kama kazi ya wito ilifanyika kabla gari halijauzwa. Kosa la siku lilipokuwa jipya huvuka bahari pamoja na gari.

Kudai haki

Sheria za Mauzo ya Bidhaa za Kenya, Sura ya 31, na za Tanzania, Sura ya 214, zimejengwa juu ya sheria ya Uingereza ya 1893. Bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo lazima iwe ya ubora unaouzika, hata kama mkataba umekaa kimya. Lakini kuna kifungu kinachostahili kusomwa mara mbili: mnunuzi akishaikagua bidhaa, ulinzi huo haufuniki kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzionyesha. Maana yake ni kwamba ukaguzi wa juu juu unaweza kumgharimu. Asaini fomu ya makabidhiano baada ya kuandika juu yake kila alichokiona na kila asichopata nafasi ya kukiangalia. Tena, kuligeuza gari kwa namna isiyolingana na umiliki wa muuzaji, au kukaa nalo muda mrefu bila kusema kitu, huhesabiwa kuwa amelikubali, kwa hiyo rimu mpya na tinti zisubiri.

Kasoro ikionekana, picha na video zipigwe kabla ya kitu chochote kuguswa, kipimo cha kilomita kikionekana. Fundi wa mtaani, hata awe hodari kiasi gani, asifungue sehemu hiyo: akishaifungua, hakuna atakayeweza kusema boliti ilikosekana lini. Gari la hatari livutwe, lisiendeshwe. Malalamiko yaandikwe kwa barua au barua pepe yakitaja namba ya chesisi, tarehe, kilomita na kinachodaiwa: kurekebishwa, kubadilishiwa gari au kurudishiwa fedha. Muuzaji akipuuza, nakala iende kwa mtengenezaji, kisha Tume ya Ushindani kwa Tanzania au Mamlaka ya Ushindani kwa Kenya. Waswahili walioko ng'ambo wana muda mahususi wa kuuzingatia: Uingereza humpa mnunuzi siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro chini ya sheria ya 2015, na Afrika Kusini miezi sita. Majimbo ya Marekani, kuanzia Connecticut mwaka 1982, yana sheria zao kuhusu gari jipya lisilotengenezeka baada ya majaribio kadhaa.

Matengenezo yakishafanyika, gari limeingia tena katika kundi lile lile la hatari: limefunguliwa pembeni, nje ya mstari, na mkono wa mtu mmoja. Mwenye gari adai jobu kadi inayotaja kilichofunguliwa, kilichobadilishwa na nguvu iliyotumika kukaza. Aulize pia kama boliti zilizotolewa ni za kutumika mara moja tu, maana baadhi ya boliti za sehemu zinazobeba nguvu kubwa hutanuka zinapokazwa na hazirudishwi. Kabla ya kuondoka, eneo lililoguswa likaguliwe upya kwa tochi, na nati za gurudumu lolote lililotolewa zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.